Kipoyi Kilichokatwa Miguu

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na maisha yangu yote nimeuegemea msemo huo. Mke wangu hakuupenda. Alisema hao waliotunga methali hiyo walikuwa waoga wenyewe, ndiyo maana walipata nafasi ya kukaa na kutunga.

Tulikaa kilimani, katika kijiji kilichokuwa kati ya Fizi na Baraka. Kutoka kwetu mpaka Baraka, ziwani, ilikuwa nusu siku ya mwendo ukiwa mzima, na siku nzima ukiwa mgonjwa, kama ulifika. Mimi ni Mbembe wa huko juu, mkulima wa muhogo, na wa pamba pia, kwa kuwa serikali ya wazungu ilitulazimisha. Yeye alikuwa binti wa Waislamu wa Baraka, watu wa nyavu na msikiti, na ili nimwoe ilinibidi nisilimu. Bahati nzuri sisi Wabembe hutahiriwa mapema. Isingekuwa hivyo, sidhani kama ndoa ile ingefungwa.

Habari hii ilianza na vifo viwili, vilivyofuatana kwa majuma machache. Cha kwanza kilikuwa cha mke wa jirani yetu. Uchungu wa kuzaa ulimshika, mtoto akagoma kutoka, na mumewe akamfunga mgongoni kwa kitenge ili amshushe Baraka kwa mganga wa dispensari. Alimbeba peke yake, akiteleza na kuinuka, na kabla ya kufika mtoni alihisi mzigo umekuwa mzito kuliko mwanzo. Alirudi naye jioni. Sikuweza kumtazama usoni.

Cha pili kilikuwa cha baba mkwe wangu, huko Baraka, mzee aliyekuwa amekula chumvi nyingi. Tulimzika kama Waislamu wanavyozika. Jeneza la msikiti lilitolewa, lile la mbao lenye miguu minne kama ya kitanda, akalazwa, akafunikwa shuka, na wanaume wakaondoka naye mwendo wa kukimbilia. Ambaye hajaona jambo hilo nitamweleza: jeneza halisimami njiani. Kila mwanamume anayeliona huacha kazi yake na kuja kutoa bega, hata kama hamjui maiti, kwa sababu kuna thawabu. Wa mbele anapokelewa na wa nyuma yake, huyo naye anapokelewa, na jeneza linaelea juu ya mabega mpaka makaburini. Mke wangu alibaki uani na wanawake wenzake, lakini aliliona likitoka.

Tulipokuwa tukipanda kurudi kwetu, alitembea mbele yangu bila kugeuka. Nilidhani anamlilia baba yake.

"Umeona namna balibeba baba?" aliniuliza.

"Nimeona. Mi pia nimebeba."

"Alienda mbio, hata hakutikisika. Na ule muke wa jirani, mwenye alikuwa na uzima ndani, alibebwa sawa muzigo ya kuni. Mufu anabebwa muzuri kuliko mugonjwa. Iko muzuri hivyo?"

Nilimwambia mambo ya maiti tuwaachie maiti. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa, maana nilimjua. Mke wangu alipouliza swali kwa sauti ya chini namna ile, jibu alikuwa nalo tayari.

Hakubuni kitu hata kimoja. Vyote alivyovitumia vilikuwepo, tena mbele ya macho yetu sote. Kwanza kilikuwapo kipoyi, yaani kile kiti kilichofungwa kwenye miti miwili mirefu, ambacho wakubwa wa serikali walibebwa nacho milimani zamani, kabla ya barabara. Nilikibeba ujanani mwangu. Walinikamata shambani, wakaniweka mbele, chini ya mti wa kipoyi, na nundu iliyoota begani mwangu iko mpaka leo. Sasa mzungu alikuja kwa gari, na kipoyi kilikuwa kinaoza nyuma ya nyumba ya wageni pale kijijini. Mke wangu alimwendea mlinzi akakiomba.

"Ni kintu ya serikali," nilimwambia alipokileta.

"Bameitupa. Kintu ya kutupwa iko ya nani?"

Nilikaa siku kadhaa nikisikiliza kama kuna gari linapanda. Yeye alivunja kile kiti, akabakiza miti, na katikati akafunga wavu. Wavu alimwomba kaka yake, shemeji yangu, mvuvi wa Baraka, nao ulikuwa umechanika usifae tena kwa samaki. Aliukunja mara tatu na kuufunga kwa mafundo ya wavuvi, ukawa mahali laini pa kulala mtu. Kisha alimwendea seremala akamwagiza matendegu manne, miguu hasa kama ya jeneza, yenye urefu wa kufika juu ya goti. Alishuka mwenyewe mpaka mtoni kuyapimia. Katikati ya mto wetu palikuwa na kilima cha mawe chini ya maji, na alitaka wabebaji wakifika hapo watue, wapumzike, mgonjwa asilowe.

La mwisho alilitoa sokoni. Wanawake wa huku wana desturi ya likilimba: kila mmoja analeta sehemu yake, na siku hiyo anapewa mmoja wao, siku nyingine mwingine. Yeye aliigeuza. Kila siku ya soko kila nyumba itoe kikombe cha ndagala, dagaa wetu wa ziwani, au cha unga wa muhogo. Vikombe hivyo ni vya wabebaji. Ugonjwa ukiingia kwako, unabebwa mpaka Baraka, na hakuna atakayekuuliza kitu. Wabebaji wagawane kama wavuvi wanavyogawana, mtu na sehemu yake, na chombo na sehemu yake. Sehemu ya chombo ilikuwa yetu.

Leo mtu akinisimulia hivyo nitasema ni akili. Siku ile nilisema ni balaa. Niliogopa serikali, ambayo haikupenda watu wachangishane bila kuiuliza. Niliwaogopa majirani zaidi. Serikali ikikufunga, siku moja itakufungua. Watu wakikuita mchawi, huo mlango haufunguliwi.

Mwanzoni nyumba chache zilitoa. Ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja mzee aliyekaa nyuma yetu, mwanamke mwenye ulimi mkali aliyempenda sana mke wangu. Juma lililofuata homa ikamwangusha bibi yule.

Tulimpelekea kipoyi, tumekitandika shuka jeupe, nami nimefurahi kidogo kwamba hatimaye kazi imepatikana. Aliinuka akaketi kitandani. Hakuangalia wavu wala shuka. Aliangalia chini.

"Hii iko jeneza," alisema. "Minaona miguu yake. Mi bado."

Akachukua fimbo yake, akashuka Baraka kwa miguu, akatibiwa, akarudi mzima. Angekufa tungeaibika kidogo. Kwa kupona alituua kabisa.

Maneno yakaanza. Walisema tunalipisha ugonjwa kabla haujaja, basi lazima uje, la sivyo tutakula nini? Walisema mke wangu amechukua kitanda cha maiti cha Baraka akakileta mlimani kitafute watu. Vikombe vikakoma. Akina mama waliwaita watoto wao ndani mke wangu alipopita na ndoo. Na yeye wakati huo alikuwa na mimba, ya kwanza kushika baada ya kungoja miaka mingi. Mtu mmoja, tena rafiki yangu, aliniambia kwa upole kabisa kwamba mimba ile ndiyo itakayolipa.

Hapo hofu yangu, ambayo kila siku ilitangatanga kama mbuzi asiye na kamba, ilipata mahali pa kusimama. Niliogopa kwamba mke wangu atalala juu ya kipoyi kile, nacho kitamkubali. Nilikitazama kikiwa kimetundikwa chini ya upenu, miguu yake minne ikining'inia, nikaona bibi alisema kweli. Kilikuwa jeneza tu. Sikuwa nimeamini uchawi wa mke wangu hata siku moja, lakini hofu haihitaji kuamini.

Siku moja adhuhuri, yeye akiwa ameenda kuloweka muhogo, niliazima msumeno nikayakata matendegu yote manne. Niliyakata karibu kabisa na mti ili pasibaki kisiki. Nikakitundika tena na kukifunika shuka refu; ningeulizwa ningesema ni vumbi. Vipande nikavitia jikoni chini ya chungu cha maharagwe, na jioni tukala. Mke wangu alisema maharagwe yameiva vizuri siku ile. Nikamwongezea na yangu.

Nilikusudia kumwambia. Niliamka kila asubuhi na kusema leo, na kila jioni nilisema kesho. Sasa nilikuwa na hofu mbili ndani ya nyumba moja, ya kipoyi na ya mwenye kipoyi.

Uchungu ulimshika msimu wa mvua. Mama yangu, aliyezoea kuzalisha wanawake wa kijiji, alikaa naye usiku na mchana. Siku ya pili asubuhi alitoka nje akafuta mikono.

"Mwanangu, hii haiko yangu tena," alisema. "Mumupeleke chini."

"Mulete kipoyi," mke wangu alisema kutoka ndani.

Shemeji yangu alikuwa amepanda kutoka ziwani kungoja mtoto, kwa hiyo wabebaji tulikuwa wawili. Niligonga milango. Wengine walinijibu bila kufungua, wengine hawakunijibu. Niliporudi nilimkuta yule jirani aliyefiwa na mkewe amesimama uani na mdogo wake. Hakuna aliyewaita. Alikuwa ameshaweka kitambaa begani.

Tukawa wanne, bila wa kutupokea. Nilikishusha kipoyi mwenyewe, wenzangu wakaishika miti, na kwa haraka ile hakuna aliyetazama chini yake; tulimlaza kwenye wavu, tukamfunika shuka jeupe kwa sababu jua la baada ya mvua lilikuwa kali, tukainua. Mlima wote sikuona njia. Niliona tu kisogo cha shemeji yangu mbele yangu, na nilisikia mti ukilia begani na mke wangu akilia chini ya shuka, sauti mbili ambazo baadaye sikuweza kuzitofautisha. Alipolia niliogopa. Alipokaa kimya niliogopa zaidi, nikaomba alie tena.

Mto ulikuwa umejaa. Mvua ilikuwa imenyesha juu huko, maji yamekuwa mekundu, yanasukuma. Tuliingia. Yalitufika gotini, kisha kiunoni, na tulipokanyaga kile kilima cha mawe katikati yakarudi gotini.

"Tutue hapa," shemeji alisema. "Tubadilishe bega."

"Hapana," nilisema. "Tuendelee."

"Bega yangu imekufa. Tutue, miguu yake itashika."

Nilijua nikinyamaza atatua, na dada yake ataingia majini.

"Haina miguu," nilisema.

"Miguu iko wapi?"

"Nilikata."

Nilisikia maji tu. Jirani yangu, aliyekuwa ubavuni mwangu chini ya mti wa pili, alipumua kwa nguvu mara moja, na mimi nilijua anafikiria nini, kwamba yeye alimpoteza wake kwa kukosa msaada na mimi nitampoteza wangu kwa upumbavu. Mke wangu naye alikuwa amesikia kila kitu. Nimewahi kukimbia nyoka na askari, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kimya kile chini ya shuka.

Hatukuweza kwenda mbele, maana upande wa pili wa mawe maji yalikuwa kifuani na nguvu zimetuisha. Hatukuweza kutua. Tulisimama tu, watu wanne na miti miwili, na nilihisi mawe yakianza kuteleza chini ya nyayo zangu.

Ng'ambo ya pili, upande wa Baraka, walikuwapo wanaume waliokuwa wakifyatua matofali ya udongo. Mmoja wao aliinua kichwa akatuona. Fikiria alichokiona: mabega manne, miti mirefu, shuka jeupe, watu wamenyamaza. Aliweka chini kifyatulio chake. Wenzake wakaweka chini vyao. Wakaja majini na nguo zao, mmoja baada ya mwingine, bila kuuliza kitu, wakisema kwa sauti ya chini yale maneno tunayoyasema nyuma ya jeneza.

Bega la kwanza liliingia chini ya mti mbele ya langu. La pili likanisukuma nje. Nikajikuta sina mzigo, nimesimama ndani ya maji kama kigogo, na kipoyi kinaondoka juu ya watu nisiowajua. Mzee mmoja wao alinishika mkono kwa huruma.

"Pole sana, ndugu. Ni nani amekufa?"

Nilifungua kinywa, lakini nilichelewa. Aliyejibu alikuwa chini ya shuka.

"Mi niko muzima. Muendeshe, mutoto anakuya."

Kijana mmoja aliachia mti akarudi nyuma, akaanguka majini mzimamzima. Kipoyi kikaegemea upande, na shemeji akalia kwa hofu, lakini wengine walikishika. Mzee aliyeniuliza alinitazama, akatazama shuka, kisha akajitosa mbele kuchukua nafasi ya kijana. Walikimbia. Mpaka leo sijaona jeneza lililokimbizwa namna ile. Tulipoingia Baraka watu walitoka majumbani kutoa bega kwa maiti, wakaambiwa ni mtu aliye hai, wakatoa bega vilevile, maana walikuwa wameshatoka.

Nilikaa nje ya dispensari nimeinamisha kichwa katikati ya magoti. Shemeji hakukaa karibu nami. Aliyekaa nami ni jirani, yule aliyefiwa, na hakunilaumu, jambo lililoniumiza kuliko kama angenipiga. Jua lilikuwa linashuka mwuguzi alipotoka kuniambia kwamba ni msichana, na kwamba wote wawili wako hai.

Mke wangu alikuwa amelala na mtoto kifuani, midomo imemkauka. Hakunisalimu.

"Ile miguu uliweka wapi?"

"Tulipikia maharagwe."

Alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Kisha akaninunia siku tatu, na siku ya nne nilipomwambia nitamwita seremala atengeneze matendegu mengine, alikataa.

"Usirudishe," alisema. "Ikikuwa na miguu, bantu bataiweka chini na bataangalia. Ikikosa miguu, kila mwenye anaiona lazima atoe bega."

Ndivyo ilivyokuwa. Tulirudi mlimani watu watatu kwenye njia tuliyoshukia wawili, na bibi wa nyuma ya nyumba alikuja asubuhi yake na kikombe cha ndagala, akainama akachungulia chini ya kipoyi, akasema sasa hicho ni kitanda cha watu. Vikombe vikarudi. Kila kijiji cha njiani kilijua kwamba shuka jeupe likipita halisimami, utoe bega kwanza, uulize baadaye. Siku karani wa serikali alipokuja kuuliza tunachangisha nini, mimi nilikimbilia shambani kwenye pamba, akajibiwa na mke wangu, akaondoka. Sikuacha kuogopa. Kila nilipoinua mti niliogopa kwamba huyu ndiye atakayetufia njiani, na wengine walitufia. Nilibeba hivyo hivyo, hofu upande mmoja na mti upande mwingine, miaka na miaka, mpaka magari yakaanza kuchukua wagonjwa.

Mke wangu ndiye aliyetangulia. Tulikuwa tumehamia Baraka kwa binti yetu, yule yule, na ugonjwa ulimchukua polepole, kitandani mwake, bila safari yoyote. Walileta jeneza la msikiti, akalazwa, akafunikwa shuka. Nilitoa bega mbele, upande wa kulia. Vijana walikuja kunipokea kama ilivyo desturi, nikakataa. Wakaja tena. Waliona mzee amechoka, wakanisihi kwa adabu, nikakataa.

Nilikuwa nimesogeza sikio karibu na shuka. Nilijua ni ujinga, lakini njia nzima nilisikiliza, nikiogopa kwamba nikiondoa bega langu sitamsikia akisema yuko mzima, tuendeshe. Makaburini walitua jeneza kwenye mchanga, likasimama kwa miguu yake minne, na mimi nikabaki nimeshika mti.